Usimhamishe kwanza, shoga

Shoga yangu,

Salaam aleikum. Voisi zako zote nimezisikiliza, hata ile ya usiku ambayo karibu nusu yake walia tu, na nimeona bora nikuandikie maana tukipigiana simu tutaishia kumsengenya yule mwalimu saa nzima halafu kesho mtoto arudishwe nyumbani saa nne vilevile.

Hilo la kumtoa mwanao shule ya serikali umpeleke praiveti, kwa vile kila mara arudishwa nyumbani, ngoja kwanza. Najua una hasira na una haki, lakini utahama na swali lile lile mkononi, kwamba huyu mtoto ana nini na ataka kusaidiwa vipi, na huko praiveti jibu lao mara nyingi ni ulete shedo, yaani msaidizi wa kukaa naye darasani, umlipe mwenyewe juu ya fizi. Sasa hivi hakuna ajuaye ana nini. Mwalimu asema mtukutu, bibi yake asema ni kijicho asomewe, jirani yako ashaamua ni usonji kwa sababu aliona video TikTok. Asomewe, hakuna ubaya, wangu pia alisomewa, lakini apimwe pia. Na uanze na masikio na macho, wallahi, wangu walikuwa wanamwita mbishi kumbe sikio moja halisikii sawasawa, akiitwa kutoka upande ule haitiki. Alipokalishwa mbele upande wa sikio zima ubishi ukapungua nusu.

Ukishampimisha masikio na macho nenda kituo cha EARC. Hivi ni vituo vya serikali, vipo tangu 1984, na kazi yao ni hiyo tu, kumwangalia mtoto anavyosoma, anavyoongea, anavyokaa na wenzake, kisha waandike ripoti wakushauri abaki pale alipo kwa msaada gani au aende wapi. Ulizia ofisi ya elimu ya sub-kaunti watakuelekeza. Beba daftari zake, ripoti za shule, kadi ya kliniki ya utotoni, na mwenyewe uandike mambo unayoyaona nyumbani kwa sababu ukifika pale utasahau yote, nakujua.

Baba yake mwambie kwa upole hii siyo kadi ya ulemavu. Naona hapo ndipo alipokwama, aogopa mtoto kuandikwa. Kadi ni habari nyingine, ile inapitia kwa madaktari wa hospitali ya serikali kama pale Coast General halafu Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, na inakuja ikihitajika. Ripoti ya EARC ni ya masomo, yakaa kwa faili ya shule na kopi kwako.

Na hiyo ripoti ndiyo itakayommaliza maneno huyo anayekwambia "mpeleke special", yaani shule maalum. Special gani? Hilo ulimuuliza? Hapa Mombasa, Ziwani ni ya viziwi, Likoni ile ni ya wasioona, Port Reitz ni ya ulemavu wa viungo, Tom Mboya ni ya mtindio wa ubongo. Wako akimbia, aona, aongea mpaka atuchoshe, sasa apelekwe ipi? Mtu akisema special bila asesmenti huyo hajakupa ushauri, amekuonyesha mlango.

Haya, shule yenyewe. Ile siku ulienda ukapiga kelele getini mbele ya bodaboda wote, nimecheka lakini usirudie, kelele haina kopi. Andika barua. Fupi, kwa mwalimu mkuu, tarehe juu, useme hivi: mwanangu wa gredi ya 3 amerudishwa nyumbani kabla ya wakati tarehe fulani na fulani, naomba kikao na mwalimu wa darasa na wewe ili tukubaliane msaada atakaopewa, naambatisha ripoti. Bas. Usiweke matusi wala historia ya ndoa yako. Peleka kopi mbili, moja wakugongee muhuri urudi nayo, na wakikwambia iache tu hapo mezani wewe kaa usubiri muhuri, una nini cha kukimbilia.

Kwenye kikao usiombe "msaidieni", hilo wataitikia wote na hakuna atakayefanya kitu. Omba vitu vinavyoonekana. Akae wapi. Nani amsomee maswali kama kusoma ndiko kunamshinda. Apewe kazi kidogo kidogo badala ya ukurasa mzima. Akichangamka sana atumwe akalete chaki ama afute ubao badala ya kutolewa nje. Shuleni wana kitu chaitwa IEP, ni mpango wa masomo wa mtoto mmoja peke yake, unaandikwa malengo, nani afanye nini, na lini mkae tena muangalie. Omba huo, na omba tarehe ya kikao cha pili kabla hujainuka kwa kiti.

Mwalimu mwenyewe usimfanye adui jamani. Darasa lile limejaa mpaka mlangoni, na yuko peke yake. Mimi nikiwekwa mle na watoto wale wote na joto la mwezi wa pili nitakimbia kabla ya breki. Mwulize yeye amjuaje mtoto, saa ngapi huwa ametulia, somo gani apenda, utashangaa anajua mengi. Tena kuna jambo shule zenyewe hupuuza, serikali inamhesabia mtoto wa primari shilingi 1,420 kwa mwaka, na mwenye mahitaji maalum huongezewa 2,300. Si pesa ya kujenga kitu lakini bila ripoti hahesabiwi humo, kwa hiyo hata wao karatasi yawafaa.

Wakikaa kimya ama wakaendelea kukupigia simu uje umchukue, sasa ndipo unapanda. Bodi ya shule, halafu mkurugenzi wa elimu wa sub-kaunti, halafu bodi ya elimu ya kaunti, na kila ukipanda unabeba ile kopi yenye muhuri. Kuna mpaka mahakama ya rufaa za elimu kwa sheria, lakini wengi hawafiki huko, barua ya pili ikionekana ina nakala kwa mkurugenzi simu hupigwa siku hiyo hiyo.

Sheria yenyewe ni Basic Education Act ya 2013. Sehemu ya 34 yakataza shule kumbagua mtoto kwa ulemavu. Ya 35 yasema mtoto halazimishwi kurudia darasa wala hafukuzwi, isipokuwa kwa utaratibu uliowekwa, kwa hiyo hilo tishio la kurudia gredi ya 2 uliza limeandikwa wapi. Ya 36 ni kuhusu kipigo na kumdhalilisha, nayo ni kosa, na kile ulichoniambia cha kusimamishwa mbele achekwe na wenzake kiingize kwa barua na tarehe yake. Usiende ukizitaja kama wakili siku ya kwanza lakini. Ziweke kwa pochi.

Moja nyingine, ingawa bado mapema. Akifika gredi ya 6 kuna KPSEA, mtihani wa kitaifa wa kumaliza primari, na KNEC, lile baraza la mitihani, huwapa watoto wenye mahitaji maalum mipango yao, muda wa ziada, karatasi ya maandishi makubwa na kadhalika, lakini ni shule inayoomba, na inaomba mapema ikiwa na ripoti. Wazazi hugundua wiki ya mtihani wakaanza kuzunguka mjini na bahasha.

Ijumaa sifanyi kazi mchana, nitakuja tuandike hiyo barua pamoja. Tafuta zile tarehe alizorudishwa, utazipata kwa simu yako, angalia tu siku ambazo namba ya shule ilikupigia. Na mwambie mwanao nakuja na viazi karai lakini nataka anisomee kibao cha matatu kwanza, herufi zozote atakazoweza.

Shoga yako wa Kisauni