Barua ya kufunga muhula: tembe, vyungu na wazee wetu

Ofisi ya Mwalimu Mkuu
Dodoma

Ndugu wazazi na walezi,

Mbukwenyi. Leo tunafunga muhula wa kwanza. Ripoti ya mtoto wako imo ndani ya bahasha hii, na tarehe ya kufungua shule imeandikwa chini yake. Isomeni pamoja naye, msiishie kwenye wastani. Ambao hawajamaliza mahindi na maharage ya chakula cha mchana wayalete wiki ya kwanza.

Ninalotaka hasa kuwaandikia ni safari ya Darasa la Sita kwenda Kijiji cha Makumbusho, Dar es Salaam. Pale, kati ya nyumba za makabila mbalimbali ya nchi yetu, ipo tembe ya Wagogo, na watoto waliikimbilia kama wameona kwao. Walipoulizwa kwa nini paa lake ni bapa na la udongo, mmoja akawahi: kwetu mvua ni chache, zikiisha Aprili ndiyo basi mpaka Desemba, na bibi huanika mtama juu ya paa. Hayo hakuyasoma kitabuni. Wenzake wengi, hata waliozaliwa hapa hapa, walikuwa hawajawahi kuingia ndani ya tembe. Siwalaumu. Operesheni Dodoma ya mwaka 1970 na 1971 ilizihamishia kaya nyingi kwenye vijiji vya ujamaa, tembe zikaachwa, na siku hizi kila anayejenga anatafuta bati.

Kwa mfinyanzi ndiko walikokaa zaidi. Mama yule alikanda udongo, akausokota mikanda, akaipandisha mmoja juu ya mwingine huku akilainisha kwa kipande cha kibuyu. Makelele yote yaliisha.

Waliporudi wakajaribu wenyewe nyuma ya darasa. Karibu vyungu vyote vilipasuka. Tuliviweka juani, na udongo wenyewe hatukuuchanganya na kitu. Aliyetufundisha ni mzazi wa shule hii, aliyekuja kumchukua mwanawe akaona vile vipande. Alipiga magoti, akavisaga vigae vya chungu cha zamani, akavichanganya na udongo mbichi, akatuambia chungu hukaushwa kivulini, taratibu, siku kadhaa, ndipo kichomwe. Mwanawe hakuwa amemwambia mtu yeyote kwamba mama yake hufinyanga vyungu na kuviuza mnadani. Siku ile alisimama kando yake akimpokeza maji mpaka jua linazama. Sikuwa nimewahi kumwona ameinua kichwa namna ile.

Ndiyo maana nawaomba. Kuanzia muhula ujao, kila Ijumaa baada ya vipindi, anayejua kusuka ungo au mkeka wa ukindu, kuunda zeze, kuandaa vibuyu vya maziwa au kusimamisha tembe, aje akae na watoto. Babu na bibi wasiojua kusoma waje vilevile. Hapo wao ndio walimu, sisi tutakaa chini. Waliohamia kutoka mikoa mingine nao watuletee ufundi wa kwao. Wavulana wafinyange na wasichana wachonge, nisisikie mtoto anakatazwa.

Udongo na kuni tutatafuta sisi, chai itakuwepo. Andikeni nyuma ya barua hii jina la mzee na kazi anayoijua, mtoto aje nayo siku ya kufungua. Asiyeweza kutembea mpaka shuleni, aandikwe pia: tutawapeleka watoto kwake.

Wenu katika malezi,

Mwalimu Mkuu