Kabla hujafungua poti ya kinasa cha shule

Rafiki yangu mpenzi,

Salaam nyingi kwako na kwa wote nyumbani. Barua yako nimeipokea na kuisoma mara mbili. Umenieleza kwamba kamera nane za shule zimeunganishwa na seva moja yenye ZoneMinder, ile programu ya kunasa na kutunza picha za kamera, na kwamba mwalimu mkuu anakuomba umfungulie poti, yaani mlango wa kuingilia kutoka mtandaoni, kwenye ruta ili azitazame kwa simu akiwa kwake. Nakusihi usiifungue kabla ya kusoma haya.

Kinasa cha kamera tumezoea kukihesabu kuwa jicho, na tunasahau kwamba kinasikiliza pia. Kila unachotuma kupitia ukurasa wake kinaweza kufika kwa mmoja wa wasikilizaji wawili: mkalimani wa amri wa Linux, anayewasha na kuzima programu, au kanzidata ya MySQL, inayotunza orodha ya matukio yaliyonaswa. Wote wawili hutii wanachoambiwa, wala hawawezi kutambua kwamba kipande hiki cha sentensi kimeandikwa na mtunzi wa programu na kipande kile kimeletwa na mgeni asiyejulikana.

Watunzi wa ZoneMinder walilifahamu jambo hili tangu zamani. Programu ya zmdc.pl, ambayo ndiyo msimamizi wa michakato yote ya kunasa, imeandikwa kwa Perl, lugha ya kutungia programu, na huendeshwa katika hali ambayo kila kinachotoka nje huhesabiwa kuwa najisi mpaka kipite kwenye kipimo kilichoandikwa waziwazi. Sioni neno jingine linalokaa vizuri zaidi hapa, kwa sababu kanuni ni ileile tuliyofundishwa chuoni tukiwa watoto: najisi ikiingia kwenye maji machache, maji yote yamenajisika. Sentensi iliyochanganywa na neno moja lisilopimwa huwa najisi yote, na Perl hukataa kuifikisha kwa mkalimani wa amri. Juu ya hayo, zmdc.pl ina orodha ya programu inazozitambua. Ukiitajia isiyokuwemo, haikusikilizi.

Kurasa za wavuti za ZoneMinder zimeandikwa kwa PHP, lugha isiyo na ulinzi huo ndani yake, kwa hiyo mtunzi hulazimika kukumbuka mwenyewe kila mahali. Mwezi wa Februari 2023 ilitangazwa hitilafu ya ZoneMinder yenye namba CVE-2023-26035 (CVE ni orodha ya wazi ya hitilafu za usalama). Sehemu ya kuhifadhi picha za papo hapo haikuuliza kama anayeomba ana ruhusa, na mahali palipotakiwa namba ya kamera iliyopo, iliwezekana kupachikwa kitu kingine kabisa. Kitu hicho kikasafiri hadi kwenye mstari wa amri kikiwa vilevile. Mtu asiye na akaunti yoyote angeweza kuendesha programu zake kwenye seva. Dawa ilikuja na toleo la 1.36.33. Kama seva yako ina toleo la chini ya hilo, basi kufungua poti ni kumkabidhi mpita njia funguo za ofisi.

Upande wa kanzidata nao ulipatwa mwaka uliofuata. Katika matoleo ya majaribio ya 1.37, namba ya lebo inayoondolewa kwenye tukio ilibandikwa moja kwa moja ndani ya sentensi ya SQL, lugha inayotumika kuiagiza kanzidata, na hitilafu hiyo ikasajiliwa kama CVE-2024-51482. Mshambuliaji angeweza kuiuliza kanzidata maswali ya ndiyo au hapana hadi yaliyomo yakatoka herufi kwa herufi. Njia ya kuzuia hili ni kuandaa sentensi mapema ikiwa na nafasi tupu, kisha kuipeleka namba peke yake, ili kanzidata isije kuisoma kama agizo.

Kuna jambo jingine la kanzidata ambalo halihusiani na wavamizi. Kamera nane zikinasa fremu kumi, yaani picha moja moja za video, kwa sekunde kila moja, na kila fremu ikaandikiwa mstari wake, jedwali la fremu litaongezeka kwa mistari 6,912,000 kwa siku moja. Ndiyo maana ZoneMinder huandika mstari mmoja kwa kila fremu 100 zisizo na tahadhari, yaani ambazo mwendo haukugunduliwa, na zile za katikati hukadiriwa muda wake. Usiipunguze namba hiyo bila sababu.

Tena usifanye nilichokifanya mimi. Usiku mmoja diski ya kinasa cha duka ilijaa, nami nikafuta mafolda ya zamani kwa mkono. Wiki moja baadaye mwenye duka aliniomba nimwonyeshe siku alipoibiwa. Tukio lilikuwemo kwenye orodha, lenye saa na dakika, lakini tulipolifungua hapakuwa na picha hata moja, kwa kuwa mimi nilifuta faili na kanzidata haikuwa na habari. Bado naiona sura yake. Tangu hapo kazi ya kufuta naiachia PurgeWhenFull, kichujio cha ZoneMinder cha kupunguza matukio diski inapojaa, kinachoondoa faili na mstari wake kwa pamoja, na nikishuku kwamba viwili hivyo havilingani, naendesha zmaudit.pl, programu yake ya kulinganisha faili na kanzidata, kwa namna ya ripoti tu kabla ya kuiruhusu kufuta chochote. Vichujio hivyo vinaweza pia kuendesha amri kwa kila tukio, basi angalia sana nani unampa ruhusa ya kuvihariri.

Kwa mwalimu mkuu, nashauri umwekee WireGuard, njia ya siri ya kuingia kwenye mtandao wa shule, kwenye simu, na umfungulie akaunti ya kutazama peke yake. Kanzidata nayo isikilize ndani ya seva tu, na kama bado unatumia zmuser pamoja na zmpass, jina na neno la siri la kuanzia la kanzidata, ambayo kila msomaji wa maelekezo anayajua, badilisha neno la siri leo hii.

Nijibu unieleze ni toleo gani lililomo kwenye seva hiyo. Kama ni la zamani, nitakuja Jumamosi tulipandishe pamoja, nawe uwe umeshachukua nakala ya kanzidata.

Wako wa siku zote,
Rafikiyo