"Mmeniuzia mche dume": jibu letu kwa wanaopanda matango yasiyotambaa

Lalamiko hili haliishi hapa kitaluni kwetu Dar, tunakouza miche ya mboga. Linakuja usiku kwa WhatsApp, linakuja kwa simu, na mwezi uliopita lilikuja na mwenyewe. Mama mmoja wa Tabata alishuka kwenye bajaji na ndoo yake, mche wa tango ukiwa ndani umejaa maua ya njano, akaiweka juu ya meza yetu na kusema, "Kaka, mmeniuzia dume. Nataka hela yangu." Watu waliokuwa wanachagua miche ya hoho na nyanya chungu waliacha kuchagua, wakasikiliza. Uchungu wake tunauelewa. Alinunua, akabeba, akamwagilia kila siku, na majirani wakamwambia ametapeliwa. Ila kutapeli hatujamtapeli, na kwa kuwa si yeye peke yake anayetuambia hivyo, tumeona tuandike.

Mpapai ndio wenye dume na jike. Aliyewahi kupanda mpapai uani, akangoja miezi, halafu ukamtolea mikia ya maua bila papai hata moja, ana haki ya kuogopa. Mtango hauko hivyo. Mche mmoja wa tango, uwe unatambaa au hautambai, hubeba maua dume na maua jike humo humo. Dume hutangulia. Kwa siku 10 hivi, wakati mwingine hata wiki mbili, utaona maua yanachanua asubuhi, jioni yamenywea, kesho yake yako chini. Mwenye mche anaona kila kitu kinadondoka, anakata tamaa. Kumbe jike ndiyo kwanza linakuja.

Kuyatofautisha huhitaji bwana shamba. Geuza ua ulitazame kwa nyuma, pale linaposhikana na kikonyo. Dume lina kikonyo chembamba kitupu, na mara nyingi yanakaa mawili matatu kwenye kifundo kimoja. Jike limekalia kitango kidogo chenye urefu wa ncha ya kidole, kina vinyoya na vinundu, tango kamili kwa sura, limepungukiwa ukubwa tu. Kwenye ndoo ya yule mama tulikuta majike matatu yameshafika, moja limechanua asubuhi hiyo hiyo. Tulichuma ua dume, tukabandua petali zake, tukabaki na kile kiini chenye unga wa njano, tukakipaka taratibu katikati ya ua jike huku amesimama anaangalia. Aliondoka na ndoo yake. Siku chache baadaye alituma picha ya kitango kilichoanza kunenepa, na habari ya hela ikaishia hapo.

Ua jike la tango huchanua siku moja. Chavua, yaani ule unga wa njano wa dume, isipofika siku hiyo, hasa kati ya saa 12 na saa 4 asubuhi, kile kitango hugeuka njano na kunyauka. Ikifika kidogo, tango linakuja limepinda, nene upande wa kikonyo na limesinyaa kwenye ncha. Kazi hiyo ni ya nyuki, na ua moja linataka nyuki walitembelee mara nyingi, si mara moja. Sasa fikiria mteja wa ghorofani, hakuna mti, hakuna bustani jirani. Kijana mmoja wa Upanga aliweka ndoo tatu kwenye kibaraza chake ghorofa ya nne, akatulalamikia kwamba vitango vyote vinakufa vikiwa vidogo. Tulipomuuliza anapulizia nini, akasema kila asubuhi anapiga dawa ya kopo ya kuua wadudu wa ndani, kwa sababu aliona vidukari chini ya majani. Nyuki wachache waliobahatika kupanda mpaka ghorofa ya nne walikuwa wanakutana na sumu kwenye ua lililofunguka. Vidukari hao wangetoka kwa maji yenye sabuni kidogo na kitambaa. Dawa, ukilazimika kabisa, pulizia jioni maua yakiwa yamefunga, na iwe dawa ya mboga kutoka duka la pembejeo, si ile ya mende. Na kama nyuki hawafiki kwako, chavusha kwa mkono kama tulivyoeleza. Ni kazi ya dakika mbili kabla ya kwenda kazini.

Wengine hutujibu kwamba wameona mtandaoni matango yanayozaa bila nyuki. Ni kweli yapo. Ni aina za kwenye vitalu nyumba, ambazo hutoa karibu maua jike matupu na kuzaa bila kuchavushwa, na mbegu zake ni ghali kuliko hizi. Nyingi pia ni za kutambaa, zinataka kamba na nguzo. Sisi huotesha aina mbili zisizotambaa. Ya kwanza ni Spacemaster, iliyotoka Chuo Kikuu cha Cornell huko Marekani mwaka 1980, na ya pili ni Salad Bush, chotara iliyopata All-America Selections, tuzo ya Marekani ya aina bora za mimea, mwaka 1988. Mtango wa kawaida unaweza kutambaa mita mbili na kuzidi. Hizi huishia sentimita 60 hadi 90, na tango lake ni la kachumbari kabisa, sentimita 20 hivi. Kwa hiyo mtu asituambie mche umedumaa kwa sababu haujafika dirishani. Ufupi huo ndio alioulipia.

Tatizo jingine linaloleta neno "dume" ni mbolea. Mzee mmoja mstaafu wa Mbezi, mtu makini sana, alitupeleka nyumbani kwake tukaone. Majani yalikuwa makubwa kama sahani, kijani iliyoiva, hata sisi tulisimama kuyatazama. Matango mawili. Tukamuuliza, "Shikamoo mzee, umeweka nini?" Urea, kijiko cha chakula kila wiki, kwa kila ndoo. Urea ina naitrojeni asilimia 46. Mche unaolishwa hivyo unajenga majani na kusahau kuzaa, na kwenye ndoo mbolea haina pa kukimbilia, ikizidi inaunguza mizizi. Tulimwambia aache kabisa, amwagilie maji mengi mpaka yatoke chini, kisha aendelee na mboji tu. Mtango unapenda kula, hatukatai, lakini samadi iliyoiva sawasawa au mboji, ikichanganywa na udongo kabla ya kupanda, inabeba sehemu kubwa ya kazi. Mche ukianza maua, NPK (mbolea ya naitrojeni, fosforasi na potasiamu) kiasi cha kijiko cha chai kuzunguka ndoo, mbali na shina, inatosha kwa wiki mbili tatu. Samadi mbichi ya kuku inayotoka bandani moja kwa moja imeshaua miche yetu mingi sana mikononi mwa wateja, na kila mara lawama inarudi kitaluni.

Sasa tuje kwenye njia ya mkato inayotuuma zaidi, maana inaanzia hapa hapa mezani kwetu. Mteja anaangalia trei, anasema, "Nipe ule mkubwa." Hatuna mkubwa. Mche wetu unatoka ukiwa na majani mawili halisi, siyo yale mawili ya mbegu, na shina nene lililozoeshwa jua siku za mwisho. Anakunja uso, anavuka barabara, ananunua mche mrefu wenye ua tayari kwa shilingi 300, umewekwa kwenye pakiti ya maziwa au umeng'olewa tuta ukafungwa na gazeti. Mizizi ya mtango haipendi kuguswa. Ukiung'oa umekatika nusu ya mizizi, na mche uliotoa ua ukiwa bado kwenye kipakiti umebanwa na njaa, umeamua kuzaa upesi kabla ya kufa. Ukiupanda utakaa hivyo hivyo, utoe tango moja dogo, basi. Mama mmoja wa Kimara alinunua kumi ya namna hiyo kwa ajili ya kibanda chake cha chipsi, akitaka kachumbari ya bure. Alinunua na ndoo, na udongo, na samadi. Baada ya mwezi alikuja kwetu kuanza upya, ile samadi imeshakwisha nguvu na udongo wote una minyoo fundo, vile viminyoo vya mizizini, kwa sababu ile miche ilikuja nayo kwenye mizizi. Ukiona mizizi ina vinundu vinundu kama shanga, udongo huo usiurudishie mboga za jamii hii wala nyanya.

Njia ya mkato ya pili ni mbegu. Mteja anakula tango letu, linampendeza, anakamua mbegu, anapanda. Haioti, anatuuliza tumeiwekea nini. Hatujaiwekea chochote. Tango la kuliwa huchumwa changa, na mbegu zake bado hazijakomaa. Wajanja huacha tango mpaka liwe la njano mchini. Hilo lina mbegu zilizokomaa, lakini lina gharama mbili. Kwanza, mche ukishakuwa na tango la njano hupunguza kabisa kuzaa mengine, maana kwa upande wake kazi imekwisha. Ndiyo sababu tunasisitiza kuchuma kila baada ya siku moja au mbili. Pili, kama jirani ana matango ya kutambaa, nyuki wameshapita kote, na tabia ya kutambaa huishinda tabia ya ufupi. Kaka mmoja wa Goba alipanda mbegu alizokamua mwenyewe, akapata miche iliyokwenda mpaka kwenye paa la banda la kuku. Akatuletea picha kama ushahidi kwamba tumemchanganyia. Kwa Salad Bush hata bila jirani hutapata kitu kile kile, kwa sababu ni chotara. Kwa Spacemaster unaweza kujiwekea mbegu, na tunamfundisha yeyote anayeuliza: funga kwa uzi ua dume na ua jike jioni kabla hayajachanua, asubuhi chavusha kwa mkono, lifunge tena lile jike, liache tango liive njano, kisha loweka mbegu na ute wake siku mbili tatu, osha, kausha kivulini. Hatufichi, ingawa kila anayefanya hivyo vizuri ni mteja tuliyempoteza.

Bei. Shilingi 1,000 kwa mche, na tunajua wanaosema tunauza dhahabu. Mbegu moja, kabla haijagusa trei, inatugharimu zaidi ya shilingi 300. Trei huoshwa kwa maji ya jiki kila zamu, kokopiti (unga wa makumbi ya nazi) tunaiosha chumvi wenyewe, mboji tunaichekecha, mbegu inawekwa moja moja kwa kina cha sentimita mbili, kisha inalala ndani ya neti ili inzi weupe wasiilambe na kuiachia virusi. Kila trei ina mashimo 50, na hatujawahi kutoa miche 50 ya kuuza. Iliyopinda, yenye jani lenye madoa, iliyochelewa kuota, tunaing'oa. Jirani zetu huuza na hizo pia. Hapo ndipo inapotoka bei ya 300.

Habari ya matango machungu tuipitie haraka. Halijachungushwa na tikiti ulilopanda pembeni. Tango halizaani na tikiti wala boga. Uchungu unatokana na kiu na joto. Tango ni maji kwa asilimia 95 hivi, na ndoo ya lita 20 juani mwezi Januari au Februari hapa Dar hukauka kabla ya jioni. Mwagilia asubuhi na jioni miezi hiyo, kwenye udongo, usilowanishe majani, maana majani yaliyolowana usiku ndiyo mlango wa ubwiri chini, ugonjwa wa ukungu wa majani. Funika udongo kwa nyasi kavu au pumba za mpunga. Na toboa ndoo, tafadhali. Dada mmoja alikataa kutoboa ili asichafue vigae vya barazani, mizizi ikaoza ndani ya wiki tatu, akalazimika kununua miche mingine, udongo mwingine, na sahani ya kuweka chini ya ndoo ambayo angeinunua mwanzoni.

Utaratibu wetu wa kurudisha uko hivi. Mche ukifa ndani ya siku saba na ulipandwa kwenye ndoo yenye matundu, tunakupa mwingine bila maneno. Ukija na dai la "dume", tutaomba picha mbili: ua limepigwa kutoka ubavuni, kikonyo kionekane, na jani likionekana upande wa chini. Tuambie pia umeweka mbolea gani na umepulizia nini, hata kama ni dawa ya mbu. Kama hakuna ua jike wiki tatu kamili baada ya dume la kwanza, na hukuweka Urea, mche ni wetu na hela ni yako.

Trei mpya za vuli zinatoka mwishoni mwa mwezi huu. Njoo asubuhi au jioni, uje na boksi miche isimame wima, na usiifungie kwenye buti la gari mchana. Ipande siku hiyo hiyo jua likishapungua, pamoja na donge lake la kokopiti, bila kulivunja.