Barua kwa Wazazi na Walezi: Kufunga Muhula wa Pili, Desemba 2024

Kigoma

Ndugu mzazi/mlezi,

Habari za majukumu. Shule inafungwa Ijumaa hii, nami nina ya kuwashukuru na ya kuwagombeza.

La furaha kwanza. Watahiniwa wa kidato cha nne wote waliosajiliwa walikaa kwenye mtihani, karatasi ya kwanza hadi ya mwisho. Mnaoijua shule hii mnajua uzito wa neno "wote". Miongoni mwao yumo binti aliyejifungua, akarudi darasani kwa ule waraka wa mwaka 2021 unaowaruhusu waliojifungua kuendelea na shule, na siku ya Hisabati bibi yake alikaa getini na mtoto mgongoni. Matokeo tutayaona yakitoka. Mimi nimeshafurahi.

Furaha ya pili ni Alhamisi ya tarehe 10 Oktoba, Siku ya Afya ya Akili Duniani. Kaulimbiu ya mwaka huu ilihusu afya ya akili kazini, nikadhani kidato cha tatu wataigiza ofisi yenye kompyuta na bosi mkali. Wakatuigiza sisi. Mwalimu ana vipindi mfululizo, rundo la madaftari kwapani, na simu haiachi kuita: ni wale wa mkopo wa kausha damu, wenye riba ya kukamua. Mtoto anauliza swali dogo tu, mwalimu analipuka. Watu tulishika mbavu. Kisha yule aliyeigiza mwalimu akakaa juu ya tofali, akayaweka madaftari chini, asiseme neno, na uwanja mzima ukanyamaza. Nikawageukia walimu wangu. Wawili walikuwa wameinamisha vichwa. Wazazi mliofika siku ile hamkutimia ishirini.

Tangu Julai, kila Jumatano baada ya vipindi, mwalimu wa malezi hukaa chini ya mwembe, na anayetaka kuzungumza huenda. Mwanzo walikwenda wasichana tu. Siku hizi na wavulana wamo, ingawa hupitia kwanza bombani kana kwamba wamefuata maji.

Michezo: tumeshika nafasi ya pili katika kata. Paa la maabara limezibwa. Madawati bado.

Sasa la Oktoba 16. Wiki haijaisha tangu igizo lile, wasichana watatu wa kidato cha pili walianguka mstarini wakilia na kutetemeka. Kufika saa nne walikuwa kumi na mmoja. Mtihani wa upimaji ulikuwa umekaribia, na wengi wao, tulipowahoji, walikuwa hawajatia kitu tumboni tangu jana yake mchana. Mwalimu wa malezi aliwatenganisha, kila mmoja na rafiki yake mmoja, akawatimua watazamaji, akawa anahesabu nao pumzi polepole. Mtu akihema mbiombio kwa hofu, vidole hufa ganzi na miguu huishiwa nguvu, na anayemtazama naye huanza kuhema. Kufika saa saba wote walikuwa wamekaa, wanakunywa uji.

Lingeishia hapo. Lakini mwanafunzi mmoja mwenye simu ya kuficha (simu haziruhusiwi, nimesema mara ngapi?) alikuwa ameshawarekodi, na video ikafika mitaani Mwanga, Gungu na Kibirizi kabla uji haujaiva. Geti likajaa. Mzazi mmoja alikuja na mganga, wala simaanishi wa zahanati, akitaka aingie kuisafisha shule. Mwingine akaniambia niwachape mpaka mapepo yatoke. Mwalimu wa kike aliyewazuia alitukanwa matusi ya nguoni na kuitwa mchawi, mbele ya watoto anaowafundisha.

Jambo hili limenikaa kooni. Wala si jipya nchini: mwaka 1962, kule Kashasha karibu na Bukoba, wasichana watatu wa shule walianza kucheka tarehe 30 Januari wakashindwa kujizuia. Ikafika 95 kati ya 159, na tarehe 18 Machi shule ikafungwa. Madaktari walipima, wakachunguza hata chakula, wasione sumu wala kijidudu. Shule ilipofunguliwa Mei, kicheko kikarudi. Sisi yetu tuliimaliza siku moja, bila kuku mweusi.

Na viboko: kanuni za mwaka 2002 zinaniwekea mpaka, visizidi vinne, tena viandikwe kitabuni pamoja na kosa. Kwenye safu ya kosa ningeandika nini? Kulia?

Mwalimu yule hakufika kazini siku tatu. Amerudi na anafundisha vizuri, ila mstarini sasa husimama nyuma kabisa. Mzazi aliyemtukana anajijua. Namsubiri ofisini kabla ya shule kufunguliwa, na mwalimu atakuwepo. Asipokuja, Januari suala lake litakuwa mezani kwa bodi ya shule. Mwenye ile simu ameshaadhibiwa: kila siku kwa wiki mbili amewateka maji wapishi, na amewaomba radhi wale wasichana mmoja mmoja. Simu yake naifuata kwa baba yake.

Nimesema wengi wa wasichana wale walikuwa na njaa. Hapo ndipo mchango wa chakula unapoingia. Mlikubaliana wenyewe kikaoni Februari. Ziwa Tanganyika lilipofungwa, uvuvi ukasimama, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, sikumsumbua mtu, kwani nami nakaa Kigoma, najua nyumba zilivyokuwa. Lakini ziwa limefunguliwa, giza la mwezi, ndipo dagaa huvuliwa, limepita mara nne, karabai za wavuvi nimeziona usiku na dagaa nimewaona wameanikwa, na zaidi ya nusu yenu hamjaleta hata shilingi. Sitamrudisha mtoto nyumbani kwa sababu ya mchango, na mnalijua hilo, ndiyo maana mnanichezea. Sufuria haidanganyiki. Asiye na fedha alete mahindi au maharage, hata mawese, mpishi atapokea. Asiye na chochote aje aniambie kwa faragha.

Nanyi mnaowapeleka wavulana ziwani usiku: anayesinzia kipindi cha kwanza hana utovu wa nidhamu, amechoka. Mahudhurio yao yapo kwenye ripoti.

Likizoni waangalieni watoto. Asiyelala, aliyeacha kula, anayejitenga na wenzake, anayetamka kwamba heri asingezaliwa, msiseme anadeka. Kaeni naye, mpelekeni kituo cha afya. Simu ya Huduma kwa Mtoto ni 116, haikatwi salio, na mtoto anaweza kuipiga mwenyewe.

Nyuma ya barua hii pana kipande cha kukata: jina la mtoto, sahihi yako, na namba ya simu inayopatikana kweli, si ile ya mwaka juzi. Kirudi siku ya kufungua shule. Mwalimu wa darasa hatampokea mtoto asiye nacho mpaka mzazi afike mwenyewe.

Wenu katika malezi,

Mkuu wa Shule