Ikoni ikipotea kwenye Linux msikubali kupigiwa windo upya

Mhariri, naomba kanafasi kwenye ukurasa wenu wa barua nitoe dukuduku kuhusu baadhi ya mafundi wetu wa kompyuta hapa Mtwara, sio wote jamani, ila wapo ambao kila ugonjwa dawa yao ni moja tu, kupiga windo upya, yaani kufuta kila kitu na kuweka Windows upya. Printa haisomi, windo. Kompyuta nzito, windo. Sasa hivi wamehamia hadi kwenye Linux, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta, ambako hiyo windo yenyewe haipo.

Maana tangu Microsoft waache kuihudumia Windows 10 Oktoba 14, 2025, hizi mashine za zamani ambazo Windows 11 inazikataa wenye steshenari wengine wameamua kuziwekea Linux Mint au Ubuntu, ambazo ni aina za Linux, bure, na zinapiga kazi vizuri tu. Kuna dada yetu mmoja Chikongola ana steshenari, msimu wa korosho ukifika hapo ni foleni, watu wa AMCOS na makaratasi yao, wanafunzi, picha za pasipoti. Siku moja ile programu yake ya picha ikawa kwenye menyu haina sura, yaani ile ikoni yake, imebaki na kikaratasi cha kijivu tu. Ukiibofya inafunguka na inafanya kazi kama kawaida! Fundi kaja kaangalia, kasema virusi vimekula mfumo, lete 15,000 tufomati, na mafaili yako hatukuhakikishii.

Yaani mafaili ya wateja yaende kwa sababu ya kapicha.

Mwenye mazoea ya Windows simlaumu sana maana kule ikoni mara nyingi imefungwa humohumo ndani ya faili la programu, lile la exe, kwa hiyo hajazoea kuitafuta sehemu nyingine. Kwenye Linux ni vitu viwili tofauti. Kila programu inayoonekana kwenye menyu ina kifaili chake kinachoishia na .desktop, vingi vinakaa /usr/share/applications, na vile vya kwako binafsi vinakaa .local/share/applications ndani ya folda lako la nyumbani. Ni maandishi matupu. Ila usikibofye mara mbili maana kinaweza kukufungulia programu yenyewe, raiti kliki halafu fungua kwa programu ya kuandikia maandishi. Humo ndani utakuta mstari wa Name=, wa Exec= na wa Icon=, na huo wa mwisho ndio kesi yenyewe.

Cha dada tulipokifungua, Icon= imeandikwa njia nzima, yaani anwani ya mafolda hadi kwenye picha, mpaka kwenye Downloads, aliyemwekea programu aliiacha picha hukohuko, na yeye diski ilipomjaa akasafisha Downloads yote. Basi. Tukatafuta picha nyingine ya PNG, tukaiweka .local/share/icons, tukabadilisha njia kwenye ule mstari, tukasevu, sura ikarudi, na kwa vile kifaili chenyewe kilikuwa cha kwake hata paswedi ya msimamizi hatukuulizwa. Folda la .local halionekani mpaka ubonyeze Ctrl na H kwa pamoja, nadhani ndio maana wengi wanasema halipo.

Saa nyingine Icon= haina njia, ina jina tu bila .png wala nini. Hapo mfumo unatafuta wenyewe, unaanza na themu uliyoichagua, yaani seti ya sura za ikoni, isipokuwemo unaenda kwenye themu mama, mwisho unaangukia folda linaloitwa hicolor ndani ya /usr/share/icons, ambamo picha zimepangwa kwa saizi, 16x16, 48x48, 256x256 na kuendelea, na scalable ambamo zipo za SVG zinazokuzwa bila kuharibika. Zikikosekana zote unachungulia /usr/share/pixmaps. Huu ni utaratibu wa freedesktop.org, na zile sura za skrini za Linux, GNOME, KDE, Xfce na Cinnamon, zote zinaufuata, kwa hiyo ukijua kwenye Mint unajua na kwenye Ubuntu. Mkidaunlodi themu ya mtaani ikaharibu ikoni zote kwa mpigo, rudisheni themu ya zamani kwenye settingi, dakika haiishi. Halafu msichezee vya ndani ya /usr, apdeti ikija inafuta mlichobadilisha, wekeni vyenu nyumbani.

Ikoni za programu zilizowekwa kwa Flatpak, njia nyingine ya kuweka programu kwenye Linux, ziko kwingine, /var/lib/flatpak/exports/share/icons, hizo ziacheni zilivyo.

Ninachoomba mimi, fundi kabla hajataja bei ya kufomati afungue hicho kifaili mbele ya mwenye mashine wasome wote. Na nyie gazetini ukurasa wa teknolojia kila wiki ni simu mpya simu mpya, mara mojamoja tuandikieni na haya ya steshenari. Hii barua mkiichapa nitaikata niibandike pale kwa dada, kwa hiyo mhariri nakusihi hizo njia za mafolda msizirekebishe herufi, hata kama zinaanza na ndogo, Linux inatofautisha kubwa na ndogo, mtu akiandika Icons badala ya icons haoni kitu.

Msomaji wenu,
Mtwara