Barua ya wazi kwa Naibu Makamu Mkuu wa Chuo (Taaluma): mwanafunzi asikilizwe kabla ya kuhukumiwa

Profesa, shikamoo.

Mimi ni mhadhiri ninayefundisha chini yako hapa Dodoma, na jambo ninaloliandikia limeanzia mikononi mwangu.

Muhula uliopita nilisahihisha kazi mbili zilizofanana hadi makosa ya tahajia. Nikawapa wote wawili sifuri, majina nikayapeleka kwenye kamati. Kamati ikakaa, nami nikiwa mjumbe, tukawasimamisha masomo mwaka mzima. Hakuna aliyeitwa kujieleza.

Siku ya tatu mmoja wao alinisubiri mlangoni mwa ofisi, begi lake limeshafungwa kwa safari ya Mpwapwa. Akanitolea daftari la kaunta. Kazi yote ilikuwa humo, kwa kalamu ya bluu, imekatwakatwa, aya moja imeandikwa upya mara tatu, na lile kosa nililolizungushia wino mwekundu lilianzia pale. Mwenzake wa chumba, yule mwenye kazi ya pili, aliazima kompyuta yake usiku mmoja tu. Kulipitia daftari lile hakukunichukua hata dakika kumi. Kamati haikuliona kwa sababu haikuuliza.

Sitetei wizi. Anayeingia na nondo, yaani majibu ya kuibia, kwenye mtihani aadhibiwe. Lakini Ibara ya 13(6)(a) ya Katiba ya mwaka 1977 inasema haki ya mtu inapoamuliwa na Mahakama au chombo kingine, asikilizwe kwa ukamilifu, na awe na haki ya kukata rufaa. Kamati yetu ni chombo.

Naomba mtuhumiwa apewe tuhuma kwa maandishi, pamoja na ushahidi na siku za kujiandaa. Aliyemkamata aje kama shahidi, asikae kuhukumu kama nilivyokaa mimi. Na rufaa ikiwa haijaamuliwa, asitolewe hosteli wala asizuiwe vipindi.

Simu zinazoita darasani na kelele za nyuma ya ukumbi tuachiwe wahadhiri, tumwite kijana pembeni tuzungumze naye. Nimeshaona faili la nidhamu likifunguliwa kwa sababu ya kicheko.

Yule binti bado yuko kwao Mpwapwa, na rufaa yake iko mezani kwako. Nakala ya daftari nimeiambatisha hapa, kurasa 11. Nitakuja kutoa ushahidi siku yoyote utakayoniita.

Wako katika kazi,
Mhadhiri, Dodoma