Hekta tunatajiwa, walinzi wa misitu je?

Mhariri, naomba nafasi niongelee misitu ya hifadhi ya serikali, maana kila ukitokea moto au magendo ya mbao lawama zote wanabebeshwa walinzi, ila wapo wangapi hakuna anayeuliza.

Tupige hesabu kidogo. Msitu wa hekta 10,000 ukiwa mraba ni kilomita 10 kwa 10, mpaka peke yake ni kilomita 40, na huo mpaka ufyekwe, vigingi vikaguliwe, njia za kuzuia moto zisafishwe kabla ya kiangazi na doria ya ndani isisimame. Sasa weka hapo walinzi wawili, mmoja kaenda mahakamani kutoa ushahidi, anabaki mmoja na huyohuyo anaitwa getini kukagua vibali na kupima magogo. Akikuta watu sita wana misumeno ya mnyororo na yeye yuko peke yake atafanya nini? Atarudi nyuma, na mimi simlaumu hata kidogo.

Najua kuna wanaosema siku hizi zipo setilaiti na droni. Zinasaidia sana, ila setilaiti inakuonyesha moto ulipo, haiuzimi. Moto ukiwahiwa na watu kumi wenye majembe na matawi mabichi unaweza kuisha siku hiyohiyo, ukisubiri watu watolewe mbali unakuwa janga.

Mwaka 2022 watafiti walikadiria kwamba maeneo yote yaliyohifadhiwa nchi kavu duniani yana walinzi kama 286,000 tu, wakati ifikapo 2030 watahitajika zaidi ya milioni 1.5, kwa hiyo hili pengo lipo dunia nzima.

Kinachoniuma zaidi ni wanaostaafu nafasi zao zikabaki wazi. Mlinzi wa siku nyingi anajua kigingi kipi kilisogezwa na magogo hupitishwa wapi usiku, akiondoka bila kijana wa kutembea naye porini hayo yote yanapotea, halafu wanaletwa vibarua wa msimu ambao wakianza tu kuuzoea msitu mkataba umeisha.

Ombi langu, bajeti ya misitu ikisomwa tuambiwe kila hifadhi ina nafasi ngapi za walinzi na ngapi zina mtu kweli, tusiishie kutajiwa hekta na idadi ya miche iliyopandwa. Na ajira zikitoka waanze na wa porini, wa ofisini watafuata.

Msomaji wenu